Ngano ya Mchana

Mwaka ule wa matuta, Mwanaidi hakuogopa zimwi. Aliogopa karani.

Zimwi lina taratibu zake. Karani Sefania wa ofisi ya kilimo aliingia uani asubuhi na soksi zake ndefu, akatoa shikamoo yake vizuri, kisha akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuja na habari za Issa, mume wa Mwanaidi. Issa alikuwa mahabusu kwenye baraza la zumbe, chifu wa huku, yeye na wanaume wenzake waliokataa kuchimba matuta ya kukata mteremko, matuta yaliyokula nusu ya shamba na mgongo mzima wa mwanamke. Sefania akasema watapelekwa Tanga kuvunja mawe. Mwanaidi akakikumbuka kifua cha mumewe, kinavyokoroma ukungu ukishuka.

Ila njia ipo, karani akasema. Bwana Shamba amesikia kwamba wanawake wa milima hii humsikiliza Mwanaidi akisimulia. Basi siku ya soko asimulie ngano ya zimwi, lakini iliyotengenezwa upya, ya kisasa.

"Zimwi liwameze walioacha kuchimba matuta," alieleza. "Wakishamezwa, basi."

"Hawatoki?"

"Watoke waende wapi, mama? Litakuwa fundisho gani?"

"Na yule msichana anayelikata zimwi kidole cha mwisho, watu wakamwagika?"

"Huyo mtoe. Ana kisu." Akasimama, akajipangusa vumbi. "Sema hivyo, na mumeo analala kwako."

Sefania alilelewa misheni tangu hajang'oa meno ya utoto. Ngano zake alizipata kitabuni, na kitabu ukikifunga kimekwisha. Hakuwahi kukaa jikoni kwa bibi akaambiwa yale ambayo kila mtoto wa huku huambiwa: ngano haisimuliwi mchana, maana zimwi litasikia jina lake, na aliyeketi kusikiliza hainuki mpaka waliomezwa watoke. Ukiinuka umewaacha tumboni, na zimwi litakuja kutafuta wa kuongezea.

Siku ya soko Mwanaidi alishuka hadi sokoni, chini ya kijiji cha Mlola. Jua lilikuwa limewaka. Bwana Shamba alikuwa kwenye kiti, kofia mapajani, na askari wawili nyuma yake. Wanawake waliacha viazi na kabichi zao wakasogea. Walikuwemo wengi ambao waume na wana wao walikuwa wamefungiwa na Issa nyuma ya mlango uleule wa baraza, hatua chache kutoka pale.

Akaita, sauti kavu, "Ngano inapanda mlima!"

Wakatazama jua. Kisha wakajibu, "Ipande, tumeketi." Wakaketi, wote.

Akasimulia kama alivyoagizwa. Kila alipolitaja zimwi alihisi kitu kinamgeukia mgongoni, na hakuthubutu kutazama nyuma. Wimbo wa msichana haukuwemo, karani aliukata. Kisu hakikuwemo. Zimwi likawameza walioacha matuta, likajilaza. Mwanaidi akafunga mdomo.

Bwana Shamba akapiga makofi. Sefania akapiga makofi. Hakuna mwingine aliyepiga, wala aliyeinuka.

Kisha bibi Efrazia, Mlutheri wa Kwai ambaye mwanawe alikamatwa pamoja na Issa, akauliza taratibu, kama anayeuliza bei. "Mwanangu, waliomezwa wametoka?"

Mwanaidi akapima majibu yote mawili. Akisema wametoka, ameharibu agizo, na Issa ndiye wa Tanga. Akisema hawatoki, watu hawa wanarudi nyumbani na zimwi nyuma yao. Ngano ambayo waliomezwa hawatoki si ngano, ni tangazo la serikali.

"Bado," akasema.

Karani hakuona ubaya katika neno hilo. Wanawake walitandaza khanga zao vizuri, wakakaa sawasawa.

Bwana akaamuru watawanyike. Akarudia, uso umeiva. Askari mmoja, mtoto wa milimani, alikuwa amechuchumaa kitambo bila kujijua, na mwenzake alipomvuta alikataa kuinuka. Sefania akamwinamia Mwanaidi, jasho likimdondoka, akamwomba aimalize. Mwanaidi akamwambia kwamba kuimaliza si kazi yake. Ni ya mwenye ufunguo.

Karani akanong'ona na Bwana, akaenda. Alirudi amemshika Issa mkono, midomo ya Issa imepauka, kifua kinakoroma. Akamsimamisha mbele ya mkewe. "Haya mama. Sema wametoka, mwende."

Mwanaidi alimshika mumewe kiganja. Kilikuwa cha moto kwa homa. Nyumbani kulikuwa na moto na uji, na njia ilikuwa wazi. Nyuma yake wanawake walikuwa bado wameketi.

"Waliomezwa wametoka?" bibi Efrazia akauliza tena.

Mwanaidi alimtazama Issa kwanza. Issa akafumba macho, akainamisha kichwa kuitikia, kidogo sana.

"Katoka mmoja," akasema. "Wengine bado." Akaketi chini katikati ya wanawake, na mkono wa karani ukarudi begani kwa Issa.