Nyuzi Thelathini na Moja

Damas alifungua boksi la mashine yake mpya ya kulehemu asubuhi, majirani zake wa Isevya, Tabora, wakiwa bado wanafagia vibaraza. Aliweka kisanduku cha umeme upande wa kushoto wa meza, akakaza ncha kwenye mpini, akausimika mpini katika kishikizo chake cha waya, kisha akalowesha sponji na kuikamua mpaka ikaacha kudondosha. Sponji ikilowa mno huipoza ncha, ikikauka huungua. Alizungusha kitufe hadi nyuzi mia tatu na hamsini, akawasha.

Tarakimu zilipanda kwenye kioo kama inavyotakiwa. Zilifika mia tatu na hamsini zikatulia, lakini Damas alipoushika mpini zilishuka hadi thelathini na moja, zikakaa hapo.

Aligusa ncha kwa kidole, jambo ambalo fundi halifanyi akiwa na akili zake. Ilikuwa imepoa kama nyayo za mtoto aliyefunuliwa shuka. Akaisogeza kwenye lehemu hivyo hivyo, na lehemu ikayeyuka, ikang'aa. Akaunganisha redio ya jirani iliyokuwa imelala hapo tangu masika, na redio ikasema. Jirani alikuja kuichukua, akalalamika kwamba amecheleweshewa.

Damas aliijua namba ile.

Mwaka uliotangulia Consolatha, muuguzi wa zahanati moja huko Tura, alimletea bodi ya sanduku la joto la watoto njiti. Sanduku lile na mashine ya kulehemu ni ndugu: ndani mna kipima joto, nacho ndicho kinachouambia umeme ongeza au punguza. Waya wa kipima joto ulikuwa umechomoka. Ilikuwa kazi ndogo, lakini treni ya Consolatha ilikwishapiga honi stesheni. Damas akaunganisha waya, na badala ya kuiacha lehemu igande yenyewe akaipuliza, kama mama anavyopuliza uji wa mwanawe. Lehemu ikipulizwa hutikisika kabla haijashika. Iliganda ikiwa ya kijivu, imefifia, na fundi yeyote anajua kwamba kiungo cha namna hiyo huachia siku yoyote. Damas alikiona. Akaifunga bodi kwenye gazeti, akamkabidhi muuguzi, akasema tayari.

Consolatha alipopita tena Tabora alimsimulia, bila kuulizwa, kwamba mtoto wa kwanza kulazwa mle alikutwa alfajiri ana nyuzi thelathini na moja, na mchana hakuuona. Alisema kosa ni la mama wa mtoto, aliyekuwa akifunua kifuniko kila mara amshike miguu. Wakwe walimrudisha kwao kwa hilo. Damas akasema pole.

Jumapili iliyofuata alikwenda kuungama. Aliungama pombe ya Krismasi, akaishia hapo. Alikuwa na aibu, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko huruma yake, na hilo nalo lilimtia aibu.

Sasa aliirudisha mashine dukani kwa mzee Gulamali aliyemuuzia. Gulamali aliiwasha juu ya kaunta, akaushika mpini, na mia tatu na hamsini haikutikisika. Akampa Damas, tarakimu zikashuka. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mashine nzima hii," alisema. "Mkono wako ndio unaoishusha. Lakini si inayeyusha?"

Damas akakubali kwamba inayeyusha.

"Basi itumie, fundi. Waranti haihusu mikono."

Akaitumia. Simu za siku hizi zina vidude vidogo visivyostahimili moto, na chuma cha Damas hakikuunguza kitu. Watu walitoka hadi Choma kumletea simu zilizokataliwa na mafundi wengine. Aliezeka upya kibanda chake. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Damas alikuwa amekificha kifo chenyewe, na badala ya kumuumbua kilimletea wateja. Usingizi ndio hakikumletea.

Siku moja aliingia mwanamke kijana mwenye ndoo ya asali iliyofunikwa kwa kanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama."

Alijieleza kwa utaratibu. Aliitwa Apolinaria, alikuwa akiwauzia asali abiria wa treni pale Tura, na nesi Consolatha ndiye aliyemwelekeza kwa fundi wa lile sanduku la watoto. Simu yake haikuingiza chaji. Ndani mlikuwa na picha ya mwanawe, moja tu, naye hakutaka ipotee ingawa ilimsuta: mkono wake mwenyewe ulionekana ndani ya sanduku, umeshika miguu.

Damas alishika mpini. Tarakimu zikashuka. Apolinaria alizitazama, akanyoosha kidole na kugusa ncha, na Damas hakumzuia.

"Ndivyo miguu yake ilivyokuwa asubuhi ile," alisema.

Akaomba kuushika. Mkononi mwake tarakimu zilianza kupanda, polepole, zikafika thelathini na sita na nusu, zikatulia. Hilo ni joto la mtoto mzima wa afya.

"Hii inamaanisha nini, fundi?"

"Inasumbua tu hiyo," Damas alijibu. "Haina maana."

Apolinaria akauliza alichokuja kuuliza, maana simu angeweza kuitengenezesha popote.

"Kifuniko kikifunuliwa, joto linaweza kutoka lisirudi tena?"

Damas alijua jibu. Kifuniko kikifunuliwa, kipima joto huhisi baridi na umeme huongezeka. Joto hurudi, ilimradi waya wake umeshika. Maneno hayo yalimjaa kinywani. Kuyasema kungemtoa mwanamke huyu kwenye lawama na kumwingiza yeye.

"Kazi ya Mungu, mama," alisema.

Apolinaria aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kuambiwa hivyo na wengi.

Siku hizi huja kila apatapo nafasi ya kupanda treni. Damas humwachia kiti, naye hukaa na mpini mapajani, thelathini na sita na nusu, wateja wakisubiri zamu yao. Humletea asali. Damas huipokea na huila. Kabla ya kuondoka huuliza tena habari za kifuniko, na Damas humjibu vilevile.

Treni ikipiga honi, Apolinaria humrudishia mpini kwa mikono miwili, kama mtu anayempakatisha mwenzake mtoto, na kumshukuru. Damas huupokea. Tarakimu hushuka hadi thelathini na moja, naye huendelea na simu za watu.