Toba ya Homa

Mfalme wa Kaskazini aliwaondoa askari wake siku moja kabla ukuta haujaanguka, nami nikaacha kijiko kikizama kwenye kikombe.

Tangu saa tatu asubuhi nilikuwa nimeuachia mchezo ujiendeshe wenyewe. Ndivyo tunavyoupima. Hakuna mchezaji, wafalme tisa wa zama za kale wanaachwa wapigane, waoane na wazikane kwa miaka mia, nami nakaa pembeni na daftari nikiandika kila jambo lisilo la kawaida. Mji ule ulikuwa umezingirwa miezi minane. Waliokuwa ndani walibakiwa na chakula cha siku moja. Mfalme yeyote mwenye akili, na akili zao nimeziandika mimi, angesubiri kukuche. Huyu alifungua minyororo ya mateka, akakunja mahema, akaenda zake nyumbani.

"Ramani," niliita. "Njoo uone."

Mwenzangu hakugeuka. Jina hilo amelipata kwa sababu kila mlima, kila mto na kila ngome ya mchezo wetu ameichora yeye, na akishaingia milimani haambiliki.

"Kama ni dini tena, mimi sipo," alisema.

"Sijui kama ni dini."

"Basi ni dini."

Ubaoni nyuma yake kulikuwa na orodha ya mambo yatakayokuwemo siku tutakapoukabidhi mchezo kwa msambazaji. Vita, ndoa, urithi, magonjwa, njama: yote yalikuwa na alama ya vema. La mwisho, kwa mwandiko wangu, lilikuwa Dini, na mbele yake alama ya kuuliza aliyoiweka yeye. Tulikuwa tumekubaliana. Shangazi yangu ndiye anayeujaribu mchezo kila Jumamosi. Leo akicheza saa nzima bila kukigusa kitufe cha dini, kama alivyofanya Jumamosi nne mfululizo, tunaifuta.

Sikuwa na la kubisha. Dini niliyoiweka ilikuwa mstari tu juu ya skrini, unaopanda ukijenga nyumba ya ibada na kushuka ukiibomoa. Ramani aliuita kipimajoto, na jina lilinichoma kwa kuwa lilikuwa la haki. Lakini watu wa zama zile waliamka na kulala na jambo ambalo sisi hatukuwa nalo, na bila jambo hilo wafalme wetu ni kete tu zilizovikwa mataji. Kwa miaka miwili nilikuwa nauzunguka ukuta huo nikitafuta mlango. Nilisoma kila kitabu nilichoweza kuazima. Mlango sikuuona.

Sipendi kulisemea jambo kabla ya kuliona mara tatu. Niliurudisha mchezo nyuma, nikauachia tena, halafu tena. Daftarini nikaandika: Mfalme wa Kaskazini, mwaka wa 31, ameacha vita, ana homa. Malkia wa Visiwani, mwaka wa 58, ameacha vita, ana homa. Mtawala wa Bondeni, mwaka wa 77, ameacha vita, tumbo. Wote watatu walikuwa wametembelewa na tabibu siku ileile.

Nikafungua faili la magonjwa.

Kazi hii nilijifundisha mwenyewe, na nilipoanza, maneno ya wenzetu yalikuwa yananiponyoka kama sabuni bafuni. Nikaona bora kila amri niipe jina la Kiswahili. Tabibu akifika kwa mgonjwa, amri ni *tibu*. Mkosaji akiitwa na kuhani, amri ni *tubu*: mateka waachiliwe, jeshi lirudi nyumbani. Sasa, kwenye kibodi herufi i na u ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Wiki iliyopita nilipanga upya faili lile, na kidole kikabisha hodi nyumba isiyo yake.

Nilimwonyesha Ramani. Safari hii aliinuka.

"Kwa hiyo tabibu anakuja na mkoba wa dawa, na mgonjwa anaungama dhambi."

"Naam."

"Na homa je?"

"Homa haina habari na tabibu. Ikitaka kuisha inaisha, ikitaka kuua inaua."

Alicheka hadi akashika meza. Chini yetu, cherehani ya fundi nguo ilinyamaza kidogo, kama inayouliza kulikoni. "Hapo umeandika hospitali ya kweli," alisema akijifuta macho. "Haya, mrudishie tabibu herufi yake tuendelee na maisha."

Nilikuwa naweka kidole juu ya kitufe mlango ulipogongwa.

"Hodi humu. Mnacheka bila mimi?"

Shangazi, mdogo wake Baba, alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alisema atapumzika, akapumzika wiki mbili, kisha akagundua mchezo wetu. Huja na miwani ya pekee anayoiita ya vita. Kabla sijasema "subiri nirekebishe kitu," alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta ya pili, yenye toleo la asubuhi hiyohiyo, na kosa langu likiwa ndani.

"Mwache," Ramani alininong'oneza, akitazama saa ya ukutani. "Saa moja. Tulikubaliana."

Shangazi hachezi kama mtu anayejipumzisha. Hucheza kama aliyechokozwa. Dakika kumi za kwanza alichoma madaraja mawili. Dakika ya ishirini alimwoza binti yake kwa mtu aliyemwita "huyu bwege mwenye bandari." Dakika ya arobaini kitufe cha dini kilikuwa bado hakijaguswa, na Ramani alikuwa amelitundika begani tambara la kufutia ubao, kwa upole, kama mhudumu anayesubiri wageni wamalize kula. Nilijishughulisha na daftari. Nilikuwa nimeandika neno lilelile mara tatu.

"Hee," alisema Shangazi. "Huyu kaniachia mwanangu."

Mrithi wake alikuwa mateka wa Mfalme wa Kaskazini kwa miaka kumi na miwili.

"Sikumwomba, sikumpiga. Kaniachia tu. Kwa nini?"

"Anaumwa," nilisema. "Ametubu."

"Hayo nayaona wapi?"

Nilielekeza kitufe cha dini kwa kalamu. Akabonyeza mwenyewe. Pembeni ya jicho niliona tambara likishuka begani.

Akasoma mistari yote, midomo ikichezacheza. Kisha akaharakisha siku za mchezo, akasubiri. Siku ya arobaini homa ya Mfalme wa Kaskazini iliisha. Shangazi akaegemea kiti, akakunja mikono. Siku ya hamsini. Ya sitini.

"Si amepona huyu?"

"Amepona."

"Mbona bado mwema?"

"Alitubu, Shangazi."

Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyefunga bendeji vibaya. "Mwanangu, hiyo ni toba ya homa. Mimi wodini nimeahidiwa kila kitu. Mtu akifika digrii arobaini anaacha pombe, anamrudia mkewe, anamsamehe kaka yake waliyegombania naye shamba. Asubuhi joto likishuka, anauliza nani kachukua viatu vyake. Shukrani ya punda hiyo, na mateke yenyewe yanampata muuguzi."

"Wote wako hivyo?" aliuliza Ramani.

Shangazi alivua miwani.

"Si wote. Baba yake huyu hapa," akanielekezea mkono wa miwani, "hatii sukari kwenye chai. Umewahi kumuuliza kwa nini?"

"Haipendi," nilisema.

"Nani kakwambia haipendi? Kaka yangu alikuwa anailamba koponi. Mama yetu aliificha juu ya kabati, na bado aliifikia. Wewe ulikuwa na miaka minne, homa siku sita, na zamu ilikuwa yangu. Akanisimamisha kwenye korido, akaniambia, dada, wewe ni shahidi: mtoto huyu akitoka hapa kwa miguu yake, mimi na sukari basi. Ukatoka kwa miguu yako, tena unakimbia. Miaka thelathini na mitatu sasa. Na mimi bado namwangalia kikombe chake kila nikienda."

Nilikitazama kijiko kwenye kikombe changu. Vijiko vitatu vya sukari, kama kawaida yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Nadhiri," nilisema.

Nilidhani nimesema taratibu. Ramani anasisitiza kwamba nilisimama na kiti kikaanguka.

"Si kiasi gani anaamini," niliendelea. "Hicho hakipimiki. Ni alichoahidi akiwa kitandani, na anachofanya akishapata nafuu. Hapo katikati ndipo dini ilipo."

"Na shahidi," alisema Shangazi. "Bila shahidi mtu anajidanganya mwenyewe."

"Na shahidi. Yeyote aliye karibu na kitanda siku hiyo."

"Anaweza kuwa mkewe," alisema Ramani. Alikuwa ameshachukua kalamu. "Au balozi wa adui yake. Ngoja. Umeapa hutashika upanga tena, na aliyesikia ni balozi wa adui?"

"Kesho yake wako mpakani," alisema Shangazi, macho yakimng'aa.

"Na kipimajoto kife," alisema Ramani. "Kife leo. Imani ya mfalme haionekani juu ya skrini, inaonekana hapa." Akamchorea mfalme kamba nyembamba kwenye kifundo cha mkono. "Nadhiri moja, fundo moja. Mwenye mafundo matano unamwogopa kabla hajasema kitu."

"Au unamhurumia," nilisema.

"Au unamhurumia. Na akizikwa, anazikwa nayo."

"Na fundo ambalo hakulitimiza?" aliuliza Shangazi. "Mwanawe analirithi?"

Tukatazamana. Hilo hakuna kitabu kilichonipa. Tukaanza kusema sote kwa pamoja, mpaka fundi nguo akagonga dari yake kwa fimbo ya kupimia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumrudishia tabibu herufi yake. *Tibu*. Niliijaribu mara tatu. Wagonjwa wakapona bila kuachia hata mateka mmoja. Kisha nikafungua faili jipya, nikaliita *nadhiri*, nikaanza. Ramani alichora mafundo. Shangazi alikataa kwenda nyumbani, akajilaza kwenye benchi la ukutani, na kila baada ya muda akatupa swali bila kufumbua macho. "Akiwa amepoteza fahamu? Akiapa kwa niaba ya mtu mwingine?" Niliyaandika yote daftarini.

Saa kumi na nusu jioni nilimwamsha. Nilikuwa nimewahi kuandika nadhiri tatu tu.

Mfalme wake akaugua. Skrini ikamwonyesha kitanda, mshumaa, na mrithi yule aliyerudi kutoka utekani amekaa pembeni: shahidi. Chini yake ahadi tatu. *Nitawaachia mateka wote. Nitakwenda kuhiji kwa miguu. Sitashika upanga tena.*

Shangazi aliondoa mkono kwenye kipanya. Huyu ni mwanamke anayeamua kuchoma mji kwa muda wa kupenga kamasi.

"Nikichagua, nalazimika kutimiza?"

"Hakuna anayekulazimisha."

"Hapo sasa," alisema taratibu. "Hapo ndipo pabaya."

Akachagua upanga. Fundo likajifunga kwenye kamba, polepole, Ramani alivyolichora. Tabibu akaja akatibu, mfalme akapona, na Shangazi akashusha pumzi kama aliyetoka zamu.

Miaka miwili ya mchezo ikapita kwa utulivu. Kisha jeshi la Kaskazini likaanza kuvuka mto. Jemadari wa Shangazi alikuwa ameshazikwa. Mrithi hakuwahi kuongoza hata askari kumi. Mfalme mwenyewe, mzee vile, ndiye aliyebaki kuwa mpiganaji bora katika nchi nzima. Vitufe viwili vikatokea: *Mtume mwanao. Vunja nadhiri.*

Mshale ulikaa juu ya cha pili muda mrefu.

"Nikibonyeza hapa itakuwaje?"

"Sijui," nilisema. "Bado sijaandika."

"Radi," alisema Ramani. "Au tauni. Kitu kishuke kutoka juu."

Nilitikisa kichwa. "Kikishuka kutoka juu, tumerudi kwenye kipimajoto. Kitu kitokee kwa shahidi. Kwa vile anavyomtazama baba yake kuanzia siku hiyo. Lakini sijui bado kinaandikwaje."

Shangazi alivua miwani ya vita, akaifunga kwenye kibweta chake. "Basi msiguse kitu. Hao wa Kaskazini nao wakae hapohapo mtoni. Narudi kesho mchana."

"Utamtuma kijana?" aliuliza Ramani.

"Ningekuwa najua, ningekaa hapa? Nakwenda kulala nalo."

Alipoteremka ngazi, Ramani alikwenda ubaoni. Hakutumia tambara. Aliifuta alama ya kuuliza kwa kidole, akasita, akafuta na neno Dini, akaandika Nadhiri, na pembeni akachora fundo dogo. Alama ya vema hakuiweka. Hiyo huwekwa kazi ikiisha.

Niliihifadhi kazi mara mbili, mahali pawili. Chini, fundi nguo alikuwa anavuta mlango wake wa bati. Daftarini niliandika: *Kesho. Kuvunja nadhiri. Nani anajua? Uso wa shahidi unabadilikaje?* Nikafikiri kidogo, nikaongeza mstari mmoja: *Muulize Baba kama amewahi kukaribia kuivunja.*

Kisha nikaizima skrini, jeshi la Kaskazini likiwa katikati ya mto, farasi wa mbele ameinua mguu.