Maji ya Moto Chini ya Mukwe

Mwaka ule wa Zaire Kalemie nzima ilitucheka. Sakafu ya kupashwa moto, huku kwetu kwenye joto? Walisema njo kichaa bwana yangu Urbain alitoka nacho Ubeleji. Waseme. Mama yangu Philomène alikuwa anakaa peke yake kule Marungu kwenye baridi, miguu inamuuma, na alikataa kuja kwetu: simenti ya baridi ya watu wa muji itamumaliza, bora abaki na moto wake. Nilimutaka mama karibu yangu, basi.

Urbain na maso wake, fundi wa kujenga Papa Isidore, wakapatana juu ya tabaka za chini: mawe, muchanga, plastiki, kisha pumba za mupunga zilizochanganywa na simenti, moto usishuke kupasha minyoo. Ugomvi ulikuwa wa juu. Urbain alitaka tiyo, mabomba ya maji ya moto, chini ya simenti nyembamba, joto likuje mbio. Papa Isidore alizitaka ndani ya betoni nene, inayochelewa kupata moto lakini inakaa nao mpaka asubui.

"Haraka haraka haina baraka," alisema. "Sitwayeni Lucie achague."

Wakati ule kila mwanamuke aliitwa sitwayeni, mwananchi. Nikachagua nene. Miguu ya mama inauma usiku.

Tiyo zikapangwa, toka pipa la kuchemushia maji nyuma ya jikoni, chini ya chumba chetu, mpaka chumba cha mama chenye mulango wake wa inje. Mbele ya kumwanga betoni, mama akafika na lori na mizigo yake, aone kwanza. Urbain akajificha nyuma ya ukuta. Kwetu mukwe na mama wa muke hawaonane uso, hata kiti hawakalie kimoja.

Mama akafuata tiyo na fimbo yake, akasimama.

"Lucie, haya maji yanapita chini ya kitanda cha mukwe wangu, kisha yanakuja kunilalisha mimi?" Akajifunika uso na kitambaa. "Nitaambia nini marehemu baba yako?"

Papa Isidore akasema tugeuze, maji yaanzie kwa mama. Aka, hapo njo aliharibu kabisa.

"Sasa mukwe alale juu ya maji yangu mimi?"

Akamwambia shofa wa lori asishushe mizigo, anarudi Marungu. Nililia kweli, na nikamutukana maso bule.

Urbain akasema toka nyuma ya ukuta: "Lucie, ambia mama, tiyo za chumba chetu tunazingoa. Zitazunguka inje mpaka kwake tu." Na muntu yule aliiota sakafu hiyo toka masomo yake.

Mama alisikia kila neno. Lakini alingoja nimurudilie yote, kama desturi inavyotaka.

"Ambia mutoto wangu," akasema, "ashushe mizigo, aiweke jikoni mpaka betoni ikauke."

Mutoto wangu, si mukwe. Kisha akageuza uso kwa ukuta, akabaki vile, Urbain apate kupita na masanduku.