Rangi ya Njano Kwenye Skrubu

Baba alinikuta nimeshazitoa kabureta zote mbili za gari lake na kuzilaza juu ya gazeti, kwenye meza ya banda letu la gari. Akasimama mlangoni.

"Nani kakuruhusu?"

"Nilikuambia jana, ukakubali."

"Sikukubali."

"Nilikuuliza mara mbili, Baba. Mara zote mbili uliitikia kwa kichwa."

Na kweli aliitikia. Siku hizo alikuwa anaitikia kila kitu kwa kichwa, umwambie chai iko tayari au jirani kafariki.

Gari lenyewe ni Triumph nyekundu ya mwaka 1969, milango miwili, boneti refu linalofunguka lote kuelekea mbele. Alilinunua kabla sijazaliwa. Mwezi wa tano mwaka ule tulikuwa tunapanda nalo kilima cha Edge Hill, mimi nimekaa pembeni yake, injini ikaanza kugonga. Ule mlio mkavu, wa misumari ndani ya kopo. Kila anayejua injini anajua maana yake: hewa imezidi, petroli haitoshi, na humo ndani moto umekuwa mkali kupita kiasi.

"Baba, inagonga! Toa mguu!"

"Haigongi."

"Inagonga!"

"Nimezitengeneza juzi tu kwa mkono wangu. Haigongi." Akakanyaga zaidi.

Hatukufika juu. Moshi ulijaa nyuma yetu mpaka mwenye lori akapiga honi. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu unaloweza kupitisha kidole, na Baba akawaambia watu wote wa mji wetu wa Coventry kwamba kosa ni la petroli ya siku hizi. Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Mimi ni fundi umeme wa mabasi, mwaka wa ishirini na saba sasa, na sipendi kudanganywa kuhusu injini, tena na mtu aliyenifundisha kushika spana.

Basi nikaifumua injini, nikaiunda upya, na nikaapa kabureta zile hazirudi. Ningeweka nozeli za kunyunyiza petroli, pampu yenye nguvu, na kompyuta ndogo ya kuamua kila kitu. Kuna sensa inayokaa kwenye bomba la moshi. Hiyo hupima moshi, na kompyuta ikaongeza petroli au ikapunguza, huku gari linakwenda. Haihitaji sikio la mtu.

Hapo ndipo palipomuuma, hilo sikio.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari miaka kumi na moja, mwisho kabisa wa mstari wa kuyaunda, pale magari yanapowashwa kwa mara ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kusawazisha kabureta, vile vifaa vinavyochanganya hewa na petroli. Anachukua kipande cha bomba la mpira, urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza hewa inavyofyonzwa. Halafu anasikiliza ya pili. Anageuza skrubu, anasikiliza tena, hadi zote mbili zivute sawasawa. Akimaliza anatia tone la rangi juu ya skrubu. Kila fundi pale alikuwa na rangi yake, ili likitokea kosa ijulikane ni mkono wa nani. Ya Baba ilikuwa njano. Kiwanda kilifungwa, watu wakatawanyika, yeye akarudi nyumbani na ule mpira na kikopo cha rangi. Tangu hapo, kila Jumapili asubuhi, wenye magari ya zamani walikuja uani kwetu. Hakuchukua chochote isipokuwa keki. Clifford Haddon, sikio la Coventry. Alipenda kuitwa hivyo, ingawa alijifanya hapendi.

Nilifanya kazi ile Jumamosi sita. Nilichomelea bomba la pili kwenye tangi, la kurudishia petroli, maana mfumo huu unasukuma mengi kuliko yanayotumika. Nikafunga gurudumu la meno mbele ya injini, ili kompyuta ijue injini imezunguka hadi wapi. Nikapitisha waya mmoja mmoja. Baba alikaa kwenye kigoda chake mlangoni akinung'unika.

"Waya nyingi hivyo, unatengeneza gari au redio?"

"Gari lisilotoboa pistoni."

"Nini?"

"Nimesema sogea, unaniziba mwanga!"

Pampu niliifunga karibu na tangi, chuma kwa chuma, bila vipande vya mpira katikati vya kuzuia mtetemo. Nilipoijaribu ilipiga kelele nyembamba. Nikaona haina neno, nikaendelea.

Jumamosi ya nne nilikuwa natafuta kibanio cha bomba kwenye makopo yake ya biskuti. Katika kopo lililoandikwa JETI, vile vipande vya kabureta vyenye tundu la kupitisha petroli, hapakuwa na jeti hata moja. Palikuwa na kiboksi cha hospitali, na ndani yake vifaa viwili vya kusaidia kusikia, bado vimefungwa kwenye nailoni. Kadi ilikuwa na tarehe ya miaka miwili nyuma.

Miaka miwili! Alipimwa, akaambiwa, akapewa, akaja kuvificha kwenye kopo la biskuti. Na mimi miaka miwili naulizwa "nini?" mara hamsini kwa siku, nikidhani ni ubishi.

Nilivitupa mapajani mwake. "Hivi ni nini?"

Alivitazama. "Vya wazee."

"Una miaka sabini na saba!"

"Usinipigie kelele."

"Nisipopiga kelele husikii! Kule kilimani hukuisikia, siyo? Haikuwa petroli. Ulitengeneza kabureta husikii, ukaendesha husikii, ukanibishia mimi ninayesikia!"

"Nikivaa haya madude nani ataniletea gari?" Alivisukuma upande wangu. "Wewe utamwita kipofu akuchagulie rangi ya ukuta?"

"Kwa hiyo bora utuue?"

"Funga kopo, Bev. Funga, urudishe ulipolitoa."

Nililirudisha kwa kulibamiza. Siku hiyo hatukunywa chai pamoja.

Kesho yake, Jumapili, alikuja Roy Tustin na gari lake la kijani aina ya MG. Roy na Baba walianza kazi kiwandani wiki ile ile. Nilisimama mlangoni na mkate mkononi nikitazama. Baba akaweka mpira sikioni, akainama, akafumba macho. Akageuza skrubu ya kabureta ya mbele. Injini iliyokuwa inakwenda vizuri ikaanza kuchechemea. Mimi niliisikia kutoka mlangoni. Akageuza tena, ikazidi. Akafumbua macho, ametulia, ameridhika.

"Hapo. Umesikia?"

"Safi kabisa, Cliff," Roy akasema. Na akanikonyeza.

Baba akachovya kijiti kwenye kikopo, akatia tone lake la njano, akaingia ndani kukata keki. Nikamfuata Roy kwenye gari.

"Umenikonyeza kwa nini?"

"Usijali, binti. Nikifika nyumbani naziweka sawa mwenyewe. Sote tunafanya hivyo."

"Sote nani?"

"Sote. Mimi, Desmond, wote wanaokuja. Mwaka wa pili sasa. Yule ni mzee wetu, hatutaki kumvunjia heshima."

"Heshima? Mlijua hasikii, mkaenda kurekebisha ya kwenu, na la kwake mkaliacha vile vile? Nilikuwa ndani ya lile gari, Roy! Mlima mzima linagonga! Hamkuona hata mmoja wa kuniita pembeni akaniambia? Mnakuja, mnakula keki, mnamchezea shere baba yangu uani kwake, mnaita heshima?"

"Bev, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Sauti iliyokulia karakana ya mabasi, hata kiziwi huipata. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya keki.

"Unadhani sijui?" alisema. Alikuwa anamwambia Roy, si mimi. Akaweka sahani juu ya ukuta, akanyoosha kidole kwenye injini ya MG. "Kila mara natia rangi. Kila mara gari linarudi rangi imepasuka, skrubu imegeuzwa. Yako, ya Desmond, za wote. Macho sijapoteza."

Roy akawa mwekundu mpaka shingoni. "Cliff, kwa nini hukusema?"

"Mngeacha kuja."

Roy alifunga boneti taratibu, akaondoka bila kugusa keki. Nikamgeukia Baba. Aliingia ndani na kufunga mlango.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Na ile ya baada yake. Baba alitoka saa nne kama kawaida, akakaa kwenye kigoda, saa sita akarudi ndani. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniudhi kuliko matusi.

Siku ya kuliwasha gari nilimwachia yeye usukani, maana ni lake. Mimi nilikaa pembeni na kompyuta mapajani. Akazungusha ufunguo. Injini ikawaka papo hapo, ikatulia, laini. Zamani gari zima lilikuwa linatikisika ukiliwasha. Usukani ulikutetemesha mpaka mabega. Sasa ungeweza kuweka kikombe juu ya injini na chai isimwagike. Baba alisubiri. Akanitazama. Akazungusha ufunguo tena.

Stata ilisaga meno juu ya injini inayokwenda. Ukelele ule ulinirusha kwenye kiti. Aliona uso wangu, akatoa mkono kwenye ufunguo.

"Imewaka?"

"Imewaka, Baba."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mara ya kwanza."

Alikaa na mikono kwenye magoti. Kisha akafungua mlango, akatoka, akaenda zake. Nilizima injini. Nilikuwa na hasira na lile gari kwa kuwa zuri hivyo.

Jumapili alitoka na vifaa masikioni, vile viwili, na nywele amezichana juu yake ili visionekane.

"Usiseme kitu."

"Sijasema."

"Na usipige kelele. Nasikia."

Akakaa. Mvua ilianza. Baada ya muda akatazama juu. "Bati hili lina kelele hivi siku zote?"

"Siku zote."

Saa nne na nusu. Saa tano. Hakuna mtu. Nilimtazama mzee wangu amejichana nywele, amekaa na mpira wake kwenye goti, na nikashindwa kuvumilia. Nilikwenda kwa miguu hadi kwa Roy, mitaa mitatu, nikagonga mlango kama askari. Akafungua, yuko na ndara.

"Lete gari."

"Kwa uso gani, Bev?"

"Huo huo uliotumia kukonyeza."

Akalileta. Baba hakumsalimu. Alifungua boneti, akaweka mpira sikioni, kile kifaa kikapiga mluzi mkali hata Roy akaruka. Baba alitukana. Akausogeza mpira nyuma ya sikio, juu kidogo, kifaa kinapopokelea sauti, mluzi ukakoma. Akainama kwenye kabureta ya mbele. Akahamia ya nyuma. Akarudi ya mbele. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Roy."

"Naam."

"Nani kazigusa hizi?"

"Ni mimi, Cliff. Unajua. Nikitoka hapa..."

"Umekuwa ukiendesha hivi? Miaka miwili?"

"Mbona linakwenda vizuri?"

"Vizuri! Ya mbele inavuta hewa yote, ya nyuma imelala usingizi! Mimi nilikuwa kiziwi, Roy. Wewe una masikio mawili mazima, sasa kisingizio chako nini?"

Alimtukana nusu saa nzima, huku anageuza skrubu na kusikiliza. Alimtukana yeye, akamtukana Desmond ambaye hata hakuwepo, akawatukana wote waliozigusa kabureta wasizozijua. Roy alisimama kwenye mvua akijibu "ndiyo, Cliff", na nadhani alikuwa analia, ila ilikuwa mvua. MG ilikuwa inanguruma vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Baba akatia tone la njano.

"Ivunje tena rangi hii uone. Na mwambie Desmond alete lake leo leo, kabla halijaungua."

Roy aliondoka mbio mbio. Nilikwenda kuliondoa Triumph bandani ili Desmond apate pa kuingia. Nilizungusha ufunguo hatua ya kwanza tu, kabla sijawasha, Baba akainua mkono.

"Ngoja. Nini hicho?"

"Nini?"

"Huko nyuma. Kinalia kama mbu." Alizunguka hadi kwenye tangi, akainamisha kichwa. "Ni pampu. Umeifunga chuma kwa chuma. Ulikuwa huisikii?"

"Naisikia."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoifunga."

"Na ukaiacha hivyo? Wewe, fundi?"

Niliiacha kwa sababu ni gari lake, na nilijua hataisikia.