Jiko la Getaneh

Jiko la Getaneh lilikuwa linauma, na pale uani hakuna asiyejua. Si kuuma kwa mchezo. Uushike mfuniko wake wa bati mkono ukiwa na majimaji ya unga, linakutandika mpaka kwenye kiwiko, unaporomosha tusi hata kama ni Ijumaa ya mfungo. Lakini pita nyumba yoyote ya mtaa ule wa mji wa Dessie, Ethiopia, uwaulize wanawake kama kuna jiko la umeme la kuokea injera, ule mkate wao mpana, lisilouma. Watakucheka. Watakwambia panda ubao, dada, uoke, acha maneno mengi. Kila jiko lilikuwa na ubao wake chini, na elimu yao ya umeme iliishia hapo.

Workinesh, mke wa Getaneh, naye alikuwa na wake. Asubuhi ya kuoka aliupanda, akamimina uji wa nafaka ya tefu juu ya sahani pana ya udongo, akizungusha kutoka ukingoni kuja katikati, kisha akafunika. Siku akijisahau, kisigino kikagusa saruji, pa! Hapo ndipo utakapomsikia mpaka kwa jirani.

"Getaneh! Wewe mwanamume wewe! Nilikwambia nini mimi?"

Na Getaneh alikuwa kaburini tangu mwaka juzi.

Nyaya za jikoni alizitandaza mwenyewe alipostaafu kiwanda cha mablanketi. Umeme aliujulia wapi? Hakuujua. Alinunua waya mwembamba, ule wa kufungia taa, akaunganisha kwa kusokota, viungo akavizungushia plasta ya kidonda, akatoka jikoni kifua mbele utadhani ameijenga Dessie yote. Workinesh alimcheka wiki nzima. Walikuwa watu wa kutaniana hao, tangu ujana mpaka mvi. Sasa mtani wake ameondoka, na kuumwa na jiko ndiko kulikobaki kumpa sababu ya kuzungumza naye. Likimuuma, anagomba. Akigomba, roho inatulia. Na kuna siku, Mungu amsamehe mama wa watu, kisigino kilishuka kwenye saruji kwa makusudi.

Mwanawe, Habtamu, alishasema mpaka akachoka. "Mama, nimlete fundi?"

"Fundi wa nini? Si baba yako alishatengeneza?"

Mambo yakaanza kubadilika Mulumebet, mke wa Habtamu, alipojifungua mtoto wa kike. Kwa desturi yao mzazi hakanyagi jikoni mpaka mtoto abatizwe, kwa hiyo Workinesh aliendelea kuoka peke yake. Lakini ubatizo ulikuwa unakaribia, na baada ya hapo jiko lingekuwa la mkwe. Jioni moja, wakinywa kahawa, Mulumebet akalitoa lililokuwa moyoni, kwa upole, macho kwenye kikombe.

"Mama, mimi hilo jiko naliogopa. Kesho kutwa huyu ataanza kutambaa. Kama haliguswi na fundi, basi sisi tutafute vyumba kwingine."

"Ala! Nyie watoto wa siku hizi mna mikono ya siagi?" Workinesh akacheka. "Mimi limeniuma miaka yote, nimekufa?"

Alicheka, lakini usingizi hakuupata. Wakihama, na mtoto anahama. Atabaki yeye na ua mtupu na jiko. Akageuka ubavu huu, akageuka ule, na bado asubuhi hakusema fundi aje. Nyaya zile Getaneh alizifunga kwa vidole vyake. Fundi akija, atazing'oa.

Wiki ya ubatizo ikafika, na injera za wageni zikaanza kupandana kwenye kapu. Workinesh alikuwa juu ya ubao wake, ameligeuzia jiko mgongo, anakoroga unga kwenye ndoo. Mulumebet akapita uani, miguu mitupu, mikono imelowa maji ya nepi, mtoto mgongoni. Akasikia harufu ya kuungua. Desturi au si desturi, akaingia.

"Mama, inaungua hii!" Akaushika mfuniko.

Hakupiga kelele, na ukimya huo ndio uliomgeuza Workinesh. Mkwe amesimama wima, vidole vimeganda kwenye mfuniko, anatetemeka mwili mzima, meno yameumana. Workinesh akanyoosha mkono amkamate, akaurudisha. Wakishikana wanakwenda wote watatu! Akaruka chini, akaunyakua ubao, akampiga nao kwenye kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote. Mkono ukaachia. Mulumebet akaanguka magoti, na mgongoni mtoto akaangua kilio.

Ee Mariamu, asante kwa kilio kile! Workinesh alichomoa plagi, akawakumbatia wote wawili pale sakafuni, akawapapasa kichwa mpaka kidole. Wazima. Kifundo tu ndicho kilichoanza kuvimba. Siku hiyo hakumgombeza Getaneh. Alijionea haya mwenyewe, haya iliyomchoma kuliko umeme wowote.

"Habtamu!" sauti yake ikaujaza ua. "Mlete huyo fundi wako. Leo! Sasa hivi!"

Fundi Tilahun alikuja na tumbo lake na maneno yake. Kwanza akazima umeme kwenye mita, kisha akafungua soketi, akachungulia, akapiga mluzi.

"Nani alifunga hizi?"

Habtamu akamtazama mama yake.

"Mume wangu," Workinesh akasema. "Marehemu."

Tilahun akalimeza alilotaka kusema. "Alifunga kwa moyo, mama. Amezinyoosha vizuri. Ila huu ni waya wa taa. Jiko hili linakula umeme kuliko nyumba nzima. Linataka waya mnene, wake peke yake kutoka kwenye mita, na swichi ya kujikata yenyewe umeme ukivuja. Na viungo havifungwi kwa plasta jamani, plasta ni ya vidonda! Halafu waya wa ardhi sijauona kabisa. Umeme ukivuja kwenye bati la jiko hauna pa kwenda. Unakaa hapo, unasubiri mtu."

"Unasubiri mtu," Workinesh akarudia polepole.

"Ndiyo. Na huo ubao wenu unaficha ugonjwa tu, ukilowa kwisha habari. Jiko kuuma si kawaida. Likikugusa hata kidogo, zima, uite mtu."

Akachimbia kijiti cha shaba nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, penye udongo wenye unyevu, akavuta waya wa kijani na njano mpaka kwenye bati la jiko. Waya mnene ukapita ukutani, na swichi ya kujikata ikafungwa kwenye mita. Zile za Getaneh zikashuka moja moja na plasta zake, Habtamu akazikunjakunja mkononi.

"Nizitupe, mama?"

"Tupa," akajibu haraka, moyo usije ukawahi kujibu.

Tilahun akawasha umeme, akapima hapa na pale, akaridhika. "Haya mama, shika mwenyewe. Bila ubao."

Workinesh akavua viatu, akasimama kwenye saruji, akaushika mfuniko. Kimya. Akaweka na mkono wa pili. Akabonyeza kisigino chini. Akasubiri, mdomo umeshafunguka nusu, na hakukuwa na kitu cha kugombeza. Akatoka taratibu, akaketi kwenye kizingiti, akaanza kulia.

Mulumebet akaja mbio, mkono umefungwa kitambaa, mtoto kifuani. "Mama! Limekuuma tena?"

"Halijaniuma, mwanangu," Workinesh akasema, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Haliniumi tena. Amekwenda kweli."

Mulumebet akaketi kando yake, akamwekea mtoto mapajani, na Workinesh akamlilia mumewe kilio ambacho siku ya maziko kilimkataa.