Mama Elida Yupi?

Miezi kumi na moja tangu mashine imle vidole viwili vya mkono wa kulia, Verediana aliingia ofisi ya msaada wa kisheria pale Ujiji, akaketi, akaulizwa jina.

"Mama Elida," akajibu.

"Na la kwako mwenyewe, dada yangu?"

Ilibidi avute kumbukumbu, na asichekwe, maana huku ziwani ndivyo tulivyo. Mwanamke akishajifungua, jina lake huliachia zahanati na kitabu cha ubatizo. Kumwita mama wa watu kwa jina lake mbele za watu ni kumkosea adabu, na wengi hufanya kazi pamoja miaka mingi bila kujuana kwa jina lingine.

"Verediana. Verediana Filemoni."

Aliyekuwa akiandika ni Asia, msaidizi wa kisheria, binti wa Kasingirima mwenye tabia ya kuuliza swali moja mara tatu mpaka ukome kumficha. Verediana akamweleza yote. Miaka minne alifanya kazi kwenye karakana ya mafuta na sabuni ya bwana Nikodemu, upande wa Katonga, akilisha mise, zile kokwa za chikichi, kwenye mashine ya kukamua. Kifuniko cha mkanda kilifunguliwa siku moja ili mashine isafishwe, kisha hakikurudishwa tena. Waliomba kirudishwe, wakaambiwa kesho. Kesho hiyo haikufika mpaka tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mkanda ulipoudaka mkono wake.

"Bosi alikuja hospitali?"

"Alikuja. Na unga kilo kumi na dumu la mawese. Akasema, tulia upone, Mama Elida, kazi yako ipo."

Alitulia. Alipopona akaenda, akakuta mtu mwingine amesimama pale pake, na mlinzi ameagizwa asimfungulie geti. Sasa hawezi kushika kisu cha kuparua samaki, hawezi kukamua nguo, na hakuna anayemwajiri mwanamke wa mkono mmoja na nusu.

"Fidia je?"

"Alisema ule unga ndiyo fidia."

Asia aliweka kalamu mezani. "Unga ni pole. Fidia ni haki yako, inaombwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, siyo kwa hisani ya bosi. Ila ajali lazima itolewe taarifa ndani ya miezi kumi na miwili. Una siku ishirini na sita, dada. Ikipita hapo, utakuwa unapiga kelele tu."

Barua kwa bwana Nikodemu ikaandikwa siku ile ile. Jibu likaja baada ya wiki nzima, mistari miwili tu: karakana haimfahamu mtu aitwaye Verediana Filemoni, na haijawahi kumwajiri.

Verediana aliomba asomewe mara ya pili. Miaka minne jamani! Cheti cha hospitali kilisema Verediana Filemoni, na daftari la mahudhurio lilisema Mama Elida, na hakuna karatasi hata moja iliyosema kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Ubaya zaidi, karakana ilikuwa na Mama Elida wawili. Wa pili alikuwa mpika sabuni, mwenyeji wa Mwamgongo, mwenye vidole vyake kumi. Tarehe kumi na nne daftari lilikuwa na Mama Elida mmoja tu, na Nikodemu alikuwa tayari kuapa kwamba ni huyo.

"Nilijiandikisha mwenyewe," Verediana akasema kwa uchungu. "Msimamizi aliniuliza jina, nikajibu kwa maringo, maana mtoto alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Mjinga mimi."

"Tutajilaumu baadaye. Sasa hivi nani alikuona siku ile?"

Verediana akajifunga kibwebwe. Jioni nne mfululizo alisimama nje ya geti akiwasubiri wenzake watoke, akiwaomba waje kusema walichokiona. Wakamtazama miguuni. "Tuna watoto, Mama Elida," akasema mmoja, na wengine wakaharakisha mwendo. Aliwakasirikia, tena sana. Yule Mama Elida wa sabuni alipita upande wa pili wa barabara bila hata salamu. Siku ya tano akarudi kwa Asia.

"Hawaji. Twende kwa afisa kazi hivyo hivyo."

Afisa kazi aliwaita zikiwa zimebaki siku tisa. Nikodemu alifika na daftari kwapani, na nyuma yake Mama Elida wa sabuni, kitenge cha kanisani kiunoni, macho chini.

"Mimi namwonea huruma huyu dada," Nikodemu akaanza, sauti laini, "lakini huruma haigeuki kuwa ajira. Jina lililomo humu ni la huyu niliyekuja naye. Muulizeni."

"Humu mmeandikwa Mama Elida," afisa akamwambia mwanamke. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Asia hakumpa Verediana nafasi ya kulia. "Mwonyeshe na tarehe, mheshimiwa," akasema. "Asiseme jina tu."

Bosi alikuwa amemwambia mama wa watu aje aseme jina ni lake, basi, wala hakumtajia siku. Afisa akamsogezea daftari. Akainama, akausindikiza mstari kwa kidole.

"Kumi na nne mwezi wa tatu?" akauliza. "Siku hiyo nilikuwa Mwamgongo. Tulikuwa tunamzika mawe. Mama yangu mzazi."

"Umechanganya siku," Nikodemu akasema haraka. Hakuwa ametoa rambirambi hata ya kuni, ndiyo maana tarehe haikumkaa kichwani.

"Nichanganye siku niliyomfukia mama yangu, bosi?" Akalirudisha daftari kwa afisa. "Kunyamaza nilinyamaza, kwa sababu nina njaa. Ila mkiandika kwamba siku hiyo nilikuwa karakana napika sabuni, mmeandika sikumzika mawe. Hilo siliwezi. Kazi yako ichukue. Aliyekuwa kazini ni huyu, na mkono wake unaonekana."

Afisa kazi akamgeukia Nikodemu, akamsogezea fomu ya taarifa ya ajali, upande unaojazwa na mwajiri, na kalamu juu yake. Nikodemu alitazama mlango, akatazama daftari lake mwenyewe, kisha akaandika. Muhuri ukagongwa zikiwa zimebaki siku tisa.

Asia alishangilia kwa wote. Verediana hakusikia. Miezi kumi na moja alikuwa amemwekea kinyongo mwanamke huyu, kwamba mwenzake alilala hospitali akiuguza mkono naye hata kuja kumjulia hali hakuja. Akainuka, akazunguka meza, akamshika mabega kwa mkono mzima na kwa ule mwingine.

"Pole na msiba, dada," akamwambia. "Sikujua."

Mama Elida wa Mwamgongo akaanza kulia, pale pale ofisini, kama mtu aliyefiwa jana.