Milio Miwili ya Gari la Fundi

Gari lilipoletwa lilikuwa jipya kiasi kwamba viti vilikuwa bado na nailoni zake, na mke wangu akakataa zisitolewe mpaka majirani wote wawe wamekaa juu yake na kuzisikia zikichakarika. Binti yetu ndiye aliyelinunua. Ufunguo alimkabidhi mama yake, si mimi. Nilipiga makofi kama wenzangu, ingawa mtu aliyeendesha malori maisha yake yote alitegemea angalau aambiwe aushike kidogo, aone uzito wake.

Mtaani kwetu mke wangu anaitwa Fundi, kwa ajili ya cherehani yake. Mimi ndiye niliyejifundisha ufundi wa magari mwenyewe, bila mwalimu wala kitabu, lakini mimi wananiita Kilomita, ati kwa urefu wa hadithi zangu. Ni wivu tu. Lori nililoanzia kazi, ukiliwasha alfajiri, mbwa wa mji wa pili ndio waliotangulia kubweka, wa kwetu wakaitikia baadaye kwa adabu. Shahidi wangu alikuwa lori lenyewe, na kwa bahati mbaya limeshakufa.

Fundi alijifunza udereva wajukuu wakiwa wameshaanza shule. Alipata leseni kwenye jaribio la kwanza, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifanya na hatulizungumzi. Tangu gari lije, alikuwa anakwenda mwenyewe kununua vitambaa, anachagua, anagombana na wauzaji, anarudi na marobota kiti cha nyuma. Kabla ya kuwasha gari anarekebisha kioo, anavuta mkanda, kisha ananyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nilikuwa nasimama dirishani kumtazama, huku nikijifanya natazama hali ya hewa.

Basi gari likaanza kugonga.

Ni gari la otomatiki, halina klachi. Ukiliegesha unaweka gia kwenye P, ukitaka kuondoka unaitoa. Sasa kila Fundi alipoitoa kwenye ile P pale uani kwetu, chini kulilia kok, kama mtu anavunja fupa kwa meno. Gari zima linashtuka. Mama wa watu anashika moyo.

Binti yetu alipokuja kutusalimia akausikia huo mlio.

"Mama, gari gani hili jipya linalia hivi?" akasema. "Hili silipendi. Jumapili nakuja na dereva mzoefu. Kama bado linagonga, nalirudisha kwa walioniuzia. Wewe utatumia lile langu la zamani, na yeye atakuwa anakuendesha."

"Nibebwe kama furushi?" Fundi akauliza.

"Ni kwa usalama wako, Mama."

Fundi alikunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi, akakikunjua, akakikunja tena vile vile. Namjua. Kupoteza gari hakukumuuma sana, maana vitu vinakuja na kwenda. Kilichomuuma ni ule usukani. Alikuwa ameusubiri tangu enzi mimi narudi safarini na kumsimulia barabara ambazo hajawahi kuziona.

Nikaona ni zamu yangu. Nilivaa ovaroli langu, nikafungua boneti, nikakuta plastiki moja kubwa imefunika kila kitu, kama chakula kilichofunikiwa mgeni aliyechelewa. Niliigongagonga kwa kidole. Nikainama, nikanusa. Nikatoa uamuzi wangu mbele ya jirani muuza maziwa, aliyekuja kushuhudia.

"Giaboksi. Jino limepasuka. Niliwahi kuwa na lori lililopasuka meno yote, nikaendesha siku nzima kwa ufizi."

"Kilomita," Fundi akasema, "funga hilo boneti, uingie humu, ukae kimya."

Nilivifanya viwili vya kwanza bila shida.

Alizima redio. Akafunga vioo. Akaliwasha gari, kisha akaanza kukanyaga breki na kuiachia, kukanyaga na kuiachia, mkono wake ukiwa mbali kabisa na gia. Kila akikanyaga kulisikika mlio mdogo karibu na goti langu: tik. Tik.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ndilo hilo jino."

"Jino gani, na gari limesimama? Hiki ni kitasa. Usipokanyaga breki, gia haitoki kwenye P, jaribu uone. Ukikanyaga, kitasa kinafunguka. Hata mlango wa choo chetu unalia ukiufungua, na hujawahi kuuitia fundi."

Nikajaribu kuivuta gia bila breki. Ikagoma kama punda. Nikakanyaga kwa kunyoosha mguu upande wake, tik, ikatoka. Na hapo hapo, kok.

"Sasa huo ni mwingine," akasema taratibu, kichwa amekiinamisha upande. "Ilikuwa milio miwili tangu mwanzo, sisi tunaihesabu mmoja."

Akatoka nalo mpaka uwanja wa mbele ya maduka, pale palipo sawa kama meza. Akaegesha kwenye P, akaitoa. Tik peke yake. Akarudia mpaka mwenye duka la viatu akatoka nje kuuliza kama tumepotea. Tik, basi. Tukarudi nyumbani, akaegesha uani, akaitoa: kok.

"Gari halipapendi kwetu," nikasema.

"Pengine," akajibu, na alikuwa anafikiri kweli.

Uani kwetu, niseme tu, pana mteremko. Ukiangusha limau mlangoni utalikuta getini.

Aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani, akachukua kipande cha kanga kilichobaki. Mimi nilidhani amekata tamaa, ameamua kushona apoe. Alianza kushona huku akikivuta kile kitambaa kwa nyuma, kwa nguvu, jambo ambalo mwanafunzi wake akilifanya anapigwa kofi la mkono. Sindano ikapinda, ikagonga chuma cha chini: kok. Akaweka sindano nyingine, akakiacha kitambaa kiende chenyewe. Kimya, isipokuwa mwendo wa mashine.

"Sindano kazi yake ni kushona," akasema. "Ukiibebesha na mvuto, inagonga. Haya, hapo nje ni nini kinavuta?"

"Mteremko."

"Na nini kinabeba?"

Nikageuka kulitazama gari. Kwenye P kuna kijino cha chuma kinachoingia kwenye gia na kulizuia gari lisitembee. Hilo nilikuwa nalijua. Na kwetu kijino hicho kilikuwa kinabeba gari zima peke yake, kwa kuwa hakuna mtu wa nyumba hii anayevuta hendibreki. Ni mafunzo yangu. Kwenye malori yetu hendibreki ilikuwa ya kutundikia kofia. Uliacha gari kwenye gia, ukaweka jiwe kwenye gurudumu, ukaenda kulala. Nilimfundisha hivyo kwa fahari zote, na yeye, mwanafunzi mzuri, alikuwa anaweka P, anaachia breki, gari linashuka kidogo na kuning'inia kwenye kile kijino. Ukija kuitoa gia, kijino kinachomoka kwa nguvu.

Alikuwa ameshatoka nje. Nikamfuata. Akasimamisha gari uani, mguu kwenye breki. Akaweka gia huru, akavuta hendibreki. Akauondoa mguu polepole, gari likakaa sawasawa juu ya hendibreki. Akakanyaga tena, ndipo akaweka P. Akazima, akaliwasha, akaitoa gia.

Tik.

Hakupiga kelele. Aliegemea kiti na kucheka peke yake, cheko la chini chini, na mimi nikasimama pale na ovaroli langu nikimtazama. Nimeona madereva wakivusha malori kwenye madaraja yaliyobaki kamba tu. Mmoja namkumbuka alivusha lori baada ya daraja kuondoka. Lakini mtu aliyeuchambua mlio kama anavyofumua pindo, uzi kwa uzi, mpaka akafika ulikoanzia, huyo nilikuwa nimekula naye miaka yote hii bila kumjua vizuri.

"Ndicho nilichotaka kukwambia," nikasema.

"Lini?"

"Nilikuwa nasubiri ufike mwenyewe."

"Umesubiri vizuri, mume wangu. Kavue hilo ovaroli."

Jumapili binti yetu akaja na dereva, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Alitusalimia kwa heshima, shikamoo kwa kila mmoja wetu. Fundi alimwambia binti yake aingie mbele, mimi na dereva tukakaa nyuma. Akakanyaga breki, akatoa gia, akashusha hendibreki, tukaondoka laini.

Binti yetu akageuka. "Baba, umelipeleka gereji?"

Nilivuta pumzi. Kwenye kioo nikaona macho ya Fundi.

"Muulize mwenye gari," nikasema.

Fundi akasimamisha gari kando, akamwelezea, mpaka na habari za sindano. Binti yetu bado alikuwa na wasiwasi. Akamgeukia dereva: "Kaka, ni kweli hayo? Halijaharibika?"

Huyu mtu alikuja kutafuta kazi. Neno moja tu la mashaka lingetosha kumpatia. Aliomba arudishwe uani, akajaribu mwenyewe njia ya zamani, ikalia kok. Akajaribu ya Fundi, tik. Akainama kutazama chini, akasimama na kupangusa magoti.

"Ni hivyo hivyo alivyosema mama," akasema. "Hicho kijino ni kigumu, hakijaumia, ila ni vizuri ameacha mapema. Dada, nitakuwa mwongo nikikuambia hapa kuna kazi yangu."

Nikampa mkono. Watu wa namna hiyo niliwahi kukutana nao wawili tu, na mmoja nilimbuni.

"Kazi huna," Fundi akamwambia, "lakini lifti unayo. Unaishi wapi? Panda."

Alipotaja, nikaona binti yetu anakunja uso. Ni kule kwenye barabara ya mlima, yenye kona na mabasi. Fundi alikwishafunga mkanda. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia barabarani. Binti yetu alikuwa ameng'ang'ania mshikio wa juu ya mlango. Baada ya kona chache akauachia. Mbele kidogo akatoa simu na kuanza kumwandikia mdogo wake, anayeishi mji mwingine, kwamba gari halirudi.

"Mwambie pia," Fundi akasema bila kuondoa macho barabarani, "siku akija asichukue teksi. Nitamfuata mimi stendi."